Reli ya Kushoto

Akoth,

Wewe na mama yako mmeenda Chepseon kutafuta begi lenye zipu inayofunga, na mimi nimebaki na nyumba na mvua ya saa nane. Nimekaa kwenye meza yangu ya kazi, nimesukuma spana pembeni, nimechukua karatasi ulizokuwa ukifanyia hesabu. Kesho saa kama hii utakuwa njiani kuelekea kaskazini, kwenye kazi yako mpya ya ile mitambo ya umeme wa upepo. Sitakuandikia habari za kula vizuri, kufunga mlango na kutafuta kanisa. Hayo mama yako ameyasema tangu Jumapili, na bado ana safari nzima ya kurudi kutoka Chepseon ya kuyarudia.

Nataka kukuambia habari ya siku babu yako alipoanguka ziwani.

Najua unaijua. Watu wa kwetu na wa kwa mama yako wameicheka tangu kabla hujazaliwa, na wewe mwenyewe uliwahi kuigiza mbele ya wageni ukiwa darasa la tatu. Lakini hadithi unayoijua imepunguzwa. Kipande kilichotolewa ni changu. Wanaokijua hawajakuambia kwa sababu baba yako mkubwa Okello aliwaambia kwamba hiyo ni kazi ya baba yako.

Nilikuja huku Kericho nikiwa na miaka ishirini na moja, nikapata kazi ya ufundi kiwandani. Mama yako alikuwa karani wa mizani, mtu wa kupima majani, na alikuwa mkali. Nilimpenda kwa huo ukali. Baba yake, Mzee Tonui, alikuwa na shamba lake la chai na ng'ombe upande wa Chepilat, na hakufurahia kusikia kwamba bintiye amepata kijana wa kutoka ziwani. Hakunitukana hata siku moja. Alikuwa tu akimuuliza mama yako swali lile lile, "Hao watu wa samaki, mtoto akilia usiku wanampa nini, omena?"

Ilichukua mwaka mzima na zaidi kumlainisha. Hatimaye akakubali kuja kwetu, upande wa Homa Bay, aone bintiye amekwenda kwa watu gani. Kwetu sisi hiyo ilikuwa kama kuja kwa rais. Mama yangu alipaka nyumba udongo mpya, na Okello akatoa mashua yake, kwa sababu barabara ya kwetu ilikuwa imekatwa na mafuriko na njia iliyobaki ilikuwa kuvuka ghuba.

Ile mashua ya tanga ndiyo ilikuwa maisha ya Okello. Aliijenga kwa mikono yake, mvule mtupu, na akina mama wa samaki walimwamini kwa sababu alikuwa mpole kwenye upepo. Kila upande ilikuwa na reli, ile mbao ndefu ya kushika wakati wa kupanda na kushuka, iliyofungwa kwenye mbavu za mashua kwa skrubu. Skrubu zilikuwa za chuma cha kawaida, za miaka mingi, na zilikuwa zimeliwa na kutu.

Okello akaniita wiki moja mbele. Akaniambia, "Ouma, wewe ndiye fundi. Toa skrubu zote za reli, weka mpya. Wakwe zako ndio watashika hizo mbao, si mimi."

Nikasema nimeelewa. Na kweli nilielewa kuliko yeye. Kiwandani kila kitu kinachogusa majani ni chuma kisichoshika kutu, kwa sababu maji ya chai hula chuma cha kawaida na kukigeuza cheusi kama wino. Mvule hufanya vivyo hivyo. Ukiona duara jeusi kwenye mbao kuzunguka kichwa cha skrubu, ujue ndani kumeharibika. Kwa hiyo nilibeba skrubu nzuri za stenlesi kutoka Kericho, za kutosha pande zote mbili.

Ijumaa asubuhi nikaanza na reli ya kulia. Nilifanya kazi safi, mwanangu, kazi ambayo hata leo ningekuonyesha. Ikafika saa tisa. Nikahamia reli ya kushoto. Skrubu ya kwanza ikatoka. Ya pili kichwa kikakatika na kubaki mkononi kama kofia ya uyoga. Ya tatu vivyo hivyo. Nilijua maana yake. Kila moja ingetaka kupashwa moto, au kutobolewa kwa drili pole pole hadi shina litoke, kisha tundu lizibwe kwa kijiti na gundi, kisha litobolewe upya. Hiyo ni kazi ya siku nzima.

Na suti yangu ilikuwa kwa fundi cherehani. Alikuwa anafunga duka saa kumi na moja.

Ndiyo, Akoth. Ilikuwa suti. Ya rangi ya majivu, vifungo viwili. Niligonga reli kwa kiganja, ikakaa imara. Nikajiambia iliyoshika miaka yote haiwezi kushindwa siku moja. Nikapiga msasa juu juu, nikapaka vanishi reli zote mbili zikang'aa sawa, nikakimbia. Jioni Okello akaniuliza, "Umemaliza?" Nikamwambia nimemaliza.

Kesho yake wakwe wakafika ng'ambo ya ghuba, tukaenda kuwachukua. Babu yako alikuwa amevaa koti zito na kofia, na alikuwa hajawahi kupanda chombo cha majini maishani mwake. Alisimama ufuoni akaiangalia mashua kama mtu anayeangalia ng'ombe mgonjwa. Akamuuliza Okello, "Hii kitu inabeba watu wangapi?" Okello akamwambia, na kumhakikishia kwamba hakuna aliyewahi kulowa. Tukavuka salama. Upepo ulikuwa mzuri, babu yako akaanza hata kuuliza majina ya visiwa. Mama yako alinifinya mkono kwa furaha.

Tukafika kwetu. Okello akashusha tanga, mashua ikasimama kwenye maji ya kiuno, akina mama wakaanza kuimba pale ufuoni. Mimi, na suti yangu, nikamwambia babu yako kwa heshima zote, "Mzee, shika hapa, kisha ushuke polepole." Nikamwonyesha reli ya kushoto.

Akashika. Akaweka uzito wote, kama mtu wa busara anavyofanya. Ikasikika milio midogo mitatu minne, tak, tak, tak, kisha babu yako akaondoka mbele ya macho yangu.

Wimbo ukakatika. Akainuka majini, kofia imekwenda, na reli nzima iko mkononi mwake kama mkuki. Akaniangalia. Akasema bila kupandisha sauti, "Kijana. Uliniambia nishike. Nimeshika."

Hapo ndipo hadithi mnayoicheka inapoishia. Hiki sasa ndicho kipande changu.

Wakati wanamvisha babu yako nguo kavu za marehemu baba yangu, Okello alinivuta kando. Uso wake ulikuwa umesawijika. Akaniuliza, mbele ya wajomba wawili, "Ouma, ulibadilisha skrubu za upande huu?"

Nikamwambia, "Nilibadilisha. Labda mbao ndiyo imeoza."

Yaani nilimwambia mtu aliyechagua ule mvule, aliyeukata na kuuranda, kwamba mbao zake ni mbovu. Akaniamini. Aliangalia reli ya kulia, akaona skrubu mpya zinang'aa, kwa nini asiniamini? Akaingia ndani, akapiga magoti mbele ya babu yako, yeye Okello, mtu mzima mwenye watoto wanne, akaomba msamaha kwa kumpandisha mgeni kwenye chombo kibovu. Nilikuwa nimesimama mlangoni na suti yangu. Sikusema neno.

Tena nilifanya zaidi ya kunyamaza. Kabla ya giza nilirudi kwenye mashua, nikaziba kwa kabiti, ile lami ya kuzibia nyufa, kila mahali pale palipobaki shina la skrubu. Ile reli nikaibeba kurudi nayo Kericho, nikasema nitaitengeneza kiwandani. Niliificha chini ya kitanda.

Babu yako alipokea msamaha, ndoa yetu ikasimama, mama yako akapata mimba yako. Mimi nilikuwa mtu mwenye furaha, isipokuwa kila barua au simu ya kutoka nyumbani ilinishtua. Akina mama wa samaki walikuwa wameacha kupanda mashua ya Okello. Walisema inaangusha wakwe. Alibaki kubeba mchanga. Kisha dada yangu akapiga simu kwamba Okello ameivuta mashua nchi kavu na anaitoa mbao moja moja, anatafuta mahali palipooza. Anatoa mbao nzima, nzuri, na nyingine zinapasuka wakati wa kutolewa. Hapati anachokitafuta, kwa hiyo anaendelea.

Nililala na hiyo habari siku tatu. Siku ya nne ilikuwa Jumamosi, nikaenda Chepilat kumsaidia babu yako kuchuma chai. Tulikuwa kwenye mistari miwili inayofuatana, vikapu mgongoni. Akaniuliza habari za ndugu yangu. Akasema, "Yule mtu aliniomba msamaha kama mtu ameua. Mwambie mimi sina neno na yeye."

Nikasema, "Mzee, si yeye. Ni mimi."

Nikamwambia yote, suti na kabiti na reli chini ya kitanda. Niliongea nikiwa naangalia majani. Yeye aliendelea kuchuma, majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, mpaka mwisho wa mstari. Nilidhani akifika mwisho atanifukuza. Alitua kikapu, akajipangusa mikono, akasema, "Mimi nililoa siku moja. Huyo mtu mpaka leo hajakauka."

Nami nikatua kikapu changu.

"Sasa unangoja nini?" akaniuliza. "Tutaenda Jumatatu. Nitakuja na wewe, nione kama utasema yote ama utapunguza."

Hivyo ndivyo nilivyorudi kwetu nikiwa nimebeba reli, na mkwe wangu nyuma yangu kama askari. Tulimkuta Okello ufuoni. Ubavu mzima wa mashua ulikuwa wazi, unaona ndani kama nyumba isiyo na ukuta. Alifurahi kumwona babu yako, akataka kukimbia kumtafutia kiti. Nikamwambia, "Kaa kwanza." Nikaanza kumwambia. Nilipofika kwenye kabiti nilitaka kuiruka, babu yako akakohoa. Nikaitaja na kabiti.

Nimewahi kuungua mkono kwa mvuke kiwandani, unalijua kovu. Ningechagua huo mvuke kuliko uso wa Okello siku ile. Hakunipiga wala hakunitukana. Alizunguka mashua, akazigusa zile mbao nzuri alizozivunja, moja baada ya nyingine. Kisha akaenda nyumbani, na siku hiyo hakuongea na mimi tena.

Asubuhi alikuja na sanduku lake la vifaa na kiti. Vifaa akaniwekea miguuni. Kiti akakiweka chini ya mti wa mkwaju mbele ya mashua, akakaa. Akasema, "Utatoa kila shina wewe mwenyewe. Mimi nitaangalia."

Nilifanya kazi hiyo wiki nzima, likizo yangu yote. Nilichokoa kabiti yangu mwenyewe. Nilipasha msumari moto mpaka ukawa mwekundu, nikaugandamiza juu ya shina la skrubu ili kutu iachilie, nikakamata kwa plaisi, nikazungusha kidogo mbele, kidogo nyuma. Mengine yalitoka. Mengine niliyafuata kwa drili. Kila tundu nililiziba kwa kijiti cha mvule na gundi, nikangoja ikauke siku nzima, Okello akikataa niharakishe. Mahali ambapo mkono ulifika kwa ndani sikuweka tena skrubu, niliweka bolti ya stenlesi inayopita mpaka upande wa pili, na washa pana, ile pete bapa ya chuma, na nati, na kila moja nikaipaka grisi kabla ya kuingia. Babu yako, ambaye hajui hata kuogelea, alishikilia reli isiyumbe wakati nafunga. Alikuwa ameipenda hiyo kazi. Alikuwa akisema, "Hapana, rudia hiyo," na Okello kule kwenye kiti alikuwa anatikisa kichwa kukubali. Siku ya tatu nilisikia wanacheka pamoja. Walikuwa wananicheka mimi. Sijawahi kufurahi hivyo kuchekwa.

Mbao za ubavu tulizirudisha sisi watatu. Halafu Okello akasema bado kuna kitu. Mashua imepona, lakini jina lake bado. Jumamosi ya soko akanipeleka mbele ya akina mama wa samaki, akawaambia mdogo wake ana maneno. Nikasema tena, mbele ya watu kama hamsini na mabeseni yao. Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Kisha mama mmoja mkubwa wa mwili, aliyeitwa Nyar Karungu, akatua beseni, akaingia majini, akashika reli ya kushoto kwa mikono miwili na kuning'inia juu yake, miguu hewani. Akajitikisa. Mashua ikainama, reli haikusema kitu. Akaniangalia akasema, "Sawa. Sasa fundi amekuja." Akapanda, na wenzake wakamfuata.

Sitaki kukudanganya kwamba mimi na Okello tulirudi kuwa kama zamani siku hiyo. Kwa miaka miwili hivi, kila kazi niliyomfanyia aliikagua kwa mkono wake, bolti kwa bolti, hata bawaba za choo. Nilikuwa naumia. Alikuwa na haki. Siku aliyoacha kukagua hakuitangaza, niligundua tu kwamba nimemaliza na yeye amekwisha kwenda kula.

Sasa wewe unaenda kupanda juu ya minara, kukaza na kukagua bolti ambazo hakuna mtu atakayeziona baada yako. Kazi yako unaijua kuliko mimi. Nimesoma vitabu vyako na kurasa nyingine zimenishinda. Kwa hiyo sikufundishi kufunga bolti. Nimewaza kwa nini nakupa habari hii, na nadhani ni kwa sababu unafanana na mimi. Hupendi kuonekana umekosea. Ulipovunja kioo cha jirani ulikaa na homa ya uongo siku mbili.

Ile skrubu mbovu, kama ningeisema Ijumaa ile ile, Okello angenifokea nusu saa, babu yako angeshukia upande wa reli ya kulia, na mimi ningevaa shati la kawaida. Basi. Kilichonigharimu ndugu yangu ni kabiti. Utakosea huko, mwanangu, kila fundi hukosea, hasa jioni akiwa na haraka ya kwenda mahali. Siku hiyo ikifika, tafuta mkubwa wako kabla hujatafuta cha kuzibia.

Nilifikiri barua ingeishia hapa. Nimesimama, nimeenda mlangoni, nimeona mvua inapungua na nyinyi bado. Nimerudi kukaa, kwa sababu kuna jambo lingine, na hili si la zamani.

Mwezi uliopita, ile wiki simu yako ilikuwa kwa fundi, hao watu wa kazi walinipigia mimi. Ilikuwa Jumanne asubuhi. Yule mama alisema umechaguliwa, na wanataka jibu kabla ya Ijumaa, la sivyo wanamchukua anayefuata. Nikamwambia nitakuambia. Sikukuambia. Nilikaa na hiyo habari Jumanne, nikakaa nayo Jumatano. Wewe ulikuwa umeacha kula. Jumatano jioni uliniambia, "Baba, nadhani wameniacha," na mimi nikakuambia pole. Nilikuangalia machoni nikakuambia pole.

Sikutaka uende. Huko ni mbali, hiyo minara ni mirefu, na hii nyumba ina mlango mmoja tu, na ukishaondoka nitausikiliza kila siku. Nilidhani Ijumaa ikipita utapata kazi karibu, hapa kwenye viwanda, na hutajua kamwe. Alhamisi niliamka nikaenda kazini, nikiwa nakaza nati ya mashine mikono ikakataa. Nikarudi mbio nikakuambia wamepiga sasa hivi. Uliruka ukanikumbatia, ukanishukuru kwa kutoka kazini kwa ajili yako. Hizo shukrani hazikuwa zangu.

Mama yako hajui. Unaweza kumwambia.

Nasikia sauti yake kule kwenye mteremko, anakuambia habari ya blanketi. Nitaiweka barua hii juu ya mto wako, si ndani ya begi, ili uisome ukiwa bado hapa. Kisha uje unifokee kesho kabla ya chai, uso kwa uso. Usingoje ufike kaskazini upige simu, maana kwenye simu nitasema mtandao unakatika.

Baba yako,
Ouma